Mizani ya Posta

Mimi ni Wilmar Techera, karani wa dirisha la pili,
posta ya Tacuarembó, kaskazini mwa Urugwai.
Miaka ishirini na sita nimempimia Nelida Echeverría
hadithi zake, bila kusoma hata moja.

Nazijua kwa gramu.
Ile ya mwaka wa ukame: mia moja na arobaini.
Ile aliyoileta siku tatu baada ya kumzika mumewe:
sitini tu, nikadhani karatasi nyingine amezisahau nyumbani.
"Imekamilika," alisema. "Bandika stempu."

Kila bahasha ina mimba ya bahasha nyingine:
kubwa ina hadithi na jina la bandia,
ndogo, iliyozibwa kwa gundi, ina jina la kweli,
nayo haifunguliwi ila mtu akishinda.
Fikiri, basi, ni majina mangapi ya Nelida
yamelala Montevideo, Rosario, Asunción,
hayajaona mwanga,
yakatupwa, yakafagiwa na wafagiaji
wasiojua wamemfagia nani.

Kazini, kwenye ghala la sufu, yeye ndiye hakimu.
Hutia vidole katikati ya manyoya,
huvuta unyuzi, huusikiliza ukikatika karibu na sikio,
kisha husema: daraja la kwanza. La tatu.
Hii ya kujazia magodoro.
Kondoo hawakati rufaa.

Siku moja nilimuuliza kama haoni uchungu
nyuzi zake mwenyewe zikivutwa na watu asiowajua.
"Uchungu upo, Wilmar. Ila mimi nami hukosea.
Jumatatu asubuhi, vidole vikiwa baridi,
nimeshapeleka sufu ya kifalme kwenye magodoro."

Alitajwa kwa heshima mara nne.
Kutajwa kwa heshima ni cheti chenye mhuri wa bluu
wala hupewi nauli ya kukifuata.
Vitatu amevitundika chooni.
Cha nne kinaziba ufa wa dirisha la jikoni,
upande unaoingiza upepo wa Agosti.

Halafu, Oktoba, barua ikaja.
Niliijua kabla yeye hajaigusa:
gramu ishirini na mbili. Barua za kukataa huwa nane.
Ningeweza kumngoja dirishani hadi Ijumaa.
Nilifunga saa nne na nusu, kinyume cha kanuni,
nikavuka uwanja kwa miguu hadi ghalani,
na yeye, mikono inang'aa mafuta ya kondoo,
akaniambia: "Nisomee wewe."

Nafasi ya tatu.

Wahenga husema mvumilivu hula mbivu;
hili lilikuwa na ubichi upande mmoja.
Alicheka, akakaa juu ya robota la sufu,
akaniomba nirudie jina lake tu, basi,
lile la bahasha ndogo.
Nililisoma mara mbili. Mara ya pili sauti ilinikwama.

Kitabu cha washindi kilifika Desemba.
Nacho nilikipima kwanza, mazoea ni mazoea,
nikakisoma nimesimama, foleni ikinung'unika.
Ukurasa wa hamsini na moja kuna karani wa posta
mwenye pua yangu na kikohozi changu,
anayepima kila kitu asichothubutu kukifungua.
Kufikia ukurasa wa hamsini na nne ameshakufa.
Usiku ule sikulala vizuri.

Jumatatu huyo, bahasha mkononi,
hajabadilika ila viatu.
"Uliniua," nikamwambia.
"Hadithi ilikuwa fupi," akajibu. "Sikuwa na pa kukuweka."

Nikaiweka bahasha kwenye mizani.
Gramu tisini na moja.
"Unapungua, Nelida."
"Najifunza kufuta. Bandika stempu."